Nukta Chini ya Ha

Saliha binti Massoudi hakuwa mtu wa kusahau. Buyenzi nzima, mtaa wao wa Bujumbura, ilijua hivyo, na waliowahi kumkosea walijua zaidi. Mama yake, Bi Mwantum, alizoea kumwambia, "We mutoto, moyo wako iko na makucha," naye Saliha hucheka asibishe, maana ukweli haubishiwi.

Basi aliyemchokoza mwaka ule wa 2003 alijitakia mwenyewe, na alipaswa kumjua kuliko wote. Jina lake Rachid. Walizaliwa barabara moja, wakakaa mkeka mmoja chuoni kwa Maalim Moosa, ubao kwa ubao. Saliha alikuwa na mwandiko, Rachid alikuwa na macho. Kila alichoandika Saliha, Rachid alikinakili bila kukisoma, kisha akamwonyesha Maalim kwa kifua mbele.

Siku moja, Saliha akiwa na miaka minane, alikuwa akiandika Bismillahi. Kalamu ikadondosha tone la wino chini ya ile ha ya Rahim. Kwa asiyesoma, tone ni tone. Kwa aliyesoma, ha yenye nukta chini si ha tena, ni jim, na neno linalotaja rehema za Mola linageuka Rajim, aliyelaaniwa, ambalo hatulitamki ila tunapomfukuza shetani. Saliha aliliona, akaomba maghufira kimoyomoyo, akalifuta haraka kwa kidole. Rachid alikuwa ameshanakili, na nukta yake ameiweka nzuri, nene, ya mviringo.

Maalim aliposoma ubao wa Rachid rangi ilimtoka. Hakumpiga papo hapo. Alimwambia, "Soma." Rachid akasoma kwa mazoea, Rahim. "Soma ulichoandika. Rudia." Akasoma tena. "Rudia." Mara saba, mpaka macho ya mtoto yakaiona ile nukta. Viboko vilifuata baadaye, vya kiganjani. Saliha alitazama mkeka. Aliondoka chuoni siku hiyo na elimu isiyokuwamo juzuuni, kwamba mwizi wa maandishi haibi maneno tu, huiba na makosa.

Sasa tuje kwenye wizi wenyewe.

Mwaka 1995, wiki ile mitaa ya Bwiza na Buyenzi ilipowaka vita, mdogo wake Saliha, Ilias, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa ametumwa Ruziba, kando ya ziwa, kununua mukeke, samaki ambao mama aliwapenda kuliko nyama. Hakurudi. Maiti haikuonekana, habari haikuja. Bi Mwantum alikataa kusoma hitima ya mtu ambaye hajamzika. Kila Ijumaa alipakua sahani ya Ilias, akaifunika kawa, na jioni akampa jirani. Miaka minane.

Saliha alikuwa amesomea kompyuta, na lilipofunguliwa shirika dogo la kutafuta waliopotea, kwenye nyumba ya kupanga kule Kinanira, aliomba kazi siku ya kwanza. Hapo aliandika programu yake. Orodha zilikuja kutoka kambi za wakimbizi, Tanzania na Kongo, na kila karani aliandika majina alivyoyasikia. Ilias mmoja aliandikwa Elias huku, Iliasi kule, Ilyasa kwingine. Mashine haina akili ya kujua kwamba huyo ni mtu mmoja. Lakini kuna lugha ya alama ambayo huiambii mashine jina lenyewe, unaiambia umbo lake: hapa pakae i au e, hapa y iwepo au isiwepo, mwisho a ikitaka ije. Saliha aliijua lugha hiyo kama wengine wanavyojua kusuka. Miaka miwili alitega majina, hata jina lipindishwe vipi lisimponyoke. Na kila asubuhi, kabla hajavua mtandio, aliandika la kwanza, la Ilias. Mashine ilimjibu sufuri. Anashusha pumzi, anaanza kazi.

Rachid naye alikuwa pale pale, mkuu wa ofisi. Alipewa ukuu kwa sababu alikuwa na tai, Kifaransa cha kupaka mafuta, na mdomo. Kazi yake ilikuwa kupokea barua kutoka kambini na kuzipitisha ziingizwe kwenye programu. Kompyuta yake ilikaa chumba cha ndani chenye kufuli.

Tarehe nane Juni Bi Mwantum alifariki. Presha, alisema daktari. Mwezi wake wa mwisho wote aliuliza swali moja tu: "Mashine yako inasema nini?" Na Saliha alijibu, "Bado, mama."

Alirudi kazini baada ya arobaini, akafungua programu yake, akakuta kichwani mwa kila faili, palipoandikwa jina lake, pameandikwa Rachid. Faili arobaini na moja, jina limebadilishwa zote arobaini na moja. Bwana Herménégilde, mwenyekiti wa shirika, mzee mwenye adabu asiyejua kompyuta hata kuiwasha, alikuwa ameshaambiwa kwamba Saliha alisaidia kuchapa tu. Mnamo Oktoba programu ingekabidhiwa mbele ya watu kwa shirika kubwa la nje, na mwenyewe aliyeitunga, Bwana Rachid, angepelekwa huko kuiongoza.

Saliha hakupiga kelele. Alichotaka si cheo. Alitaka Rachid aaibike mbele ya watu wanaomjua kwa jina la babu yake, aaibike kwa mkono wake mwenyewe, na ajue ni nani aliyemwaibisha. Alilitaka jambo hilo kwa hamu kiasi kwamba chakula kilimshinda.

Ushahidi ulikuwepo, na ulikuwa mmoja. Ilikuwa hati ya kurasa kumi na moja ya mwaka 2001, ambayo ndani yake Saliha alieleza programu nzima kabla hajaiandika, yenye jina lake, tarehe, na sahihi ya Herménégilde mwenyewe. Karatasi ilishapotea, lakini nakala yake, sahihi ikiwa imeingizwa kwa skana, ilikuwamo ndani ya ile kompyuta ya chumba cha kufuli, kwenye pembe ambayo Rachid hakuwahi kuifungua. Angeidai, Rachid angeifuta kabla chai haijapoa. Ilibidi aitoe Rachid mwenyewe, watu wakiona.

Na mwenye kutaka kuchinjwa alijileta na shingo yake.

"Saliha, dada yangu," alisema Rachid, kaegemea mlango, wiki moja kabla ya sherehe. "Bale bazungu banataka code yote mu CD moja, tena tutoe mbele ya batu, banaona. Code tu, bila kuchanganya na ma-lettre, barua ingine. Unifanyie kaprogramu kadogo kanatafuta mu mashine yangu yote ma-fichier ya nukta c, basi."

"Si we ndiye umeandika programu?"

"Ee, mais mi niko na mambo mingi. Kwako ni kitu ya dakika tano."

"Dakika mbili," alisema Saliha.

Kweli zilikuwa mbili. Faili za programu yake, hiyo code yenyewe, zote ziliishia kwa nukta na c, na kuzitega ni alama nne tu: \.c$ . Ile dola ya mwisho inasema hapa ndipo jina linapoishia. Ile c ni c. Lakini nukta, katika lugha ile, si nukta. Ni kiti kitupu, herufi yoyote ikija inakaa. Ukitaka nukta iwe nukta kweli, lazima uitangulizie kale kamstari kalikolala nyuma. Ukikasahau, unakuwa umeiambia mashine: niletee kila jina linaloishia kwa chochote kile, kisha c.

Na kila barua iliyoandikwa kwenye kompyuta zile, kila ripoti, kila hati, iliishia kwa .doc. O, kisha c.

Saliha aliandika .c$ bila kamstari. Akaijaribu mbele ya Rachid kwenye folda yenye faili za programu peke yake, zikatoka arobaini na moja, safi. Rachid aliinama akaitazama ile mistari kama alivyokuwa akitazama ubao zamani, kwa macho mawili na akili haipo.

"Nukta c," alisoma. "Ni yenyewe. Asante, dada."

Akaichukua kwenye disketi. Siku zilizobaki Saliha alikula vizuri, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sherehe ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Shaabani, kwenye ukumbi mmoja wa Kibenga karibu na ziwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mizinga ilikuwa imesikika milimani, lakini watu walikuja, maana Bujumbura miaka ile ungesubiri mizinga inyamaze usingeoa wala kuzika. Wageni wa nje walikaa mbele. Nyuma yao walijaa watu wa Buyenzi, mafundi gari, wenye maduka, akina mama wa barabara ya kumi na nne, wote wamekuja kumwona kijana wao. Rachid alivaa suti ya rangi ya majivu. Alizungumza dakika ishirini. Alisema programu hii aliiandika yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, akiwafikiria mama zetu wanaongojea. Saliha, amekaa safu ya tano, aliuma ndani ya shavu.

"Sasa mutaona code yangu yote, mbele ya macho yenu," alisema Rachid, akabonyeza.

Kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa na projekta, na majina ya faili yakaanza kupanda ukutani. Arobaini na moja ya kwanza yalikuwa ya c. Wageni wakatikisa vichwa. Kisha majina yakaendelea. Barua_ya_likizo.doc. Ombi_la_gari.doc. Ripoti za Machi, ripoti za Aprili. Rachid akatabasamu kidogo, akabonyeza kitu, orodha haikusimama.

Saliha aliinuka. Mapigo ya moyo aliyasikia masikioni, na ilikuwa ni furaha, tusiipambe kwa jina lingine.

"Monsieur Herménégilde, samahani. Rachid amesema byote binatoka pale ni code yake. Mi naona pale chini kitu inaitwa maelezo ya elfu mbili na moja. Bafungue hiyo, tusome code yake."

"Ni erreur kidogo tu," alisema Rachid. "Apana ya kufungua..."

"Fungua," alisema Herménégilde.

Ikafunguka. Jina la Saliha lilijaa ukuta mzima, refu kama mlango. Chini yake tarehe, na chini ya tarehe sahihi ambayo mzee Herménégilde aliitazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama sahihi yake tena. Kutoka nyuma mama mmoja wa Buyenzi akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwizi wa kalamu, yoo!" na ukumbi ukaanza kuvuma.

Rachid alimgeukia Saliha. Hakuwa ameelewa bado.

"Nukta, Rachid," alisema Saliha polepole. "Chini ya ha. Umesahau?"

Akaelewa. Mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe, kiganja kimefichwa ndani.

Hapo ndipo Saliha alikuwa amepanga kuondoka. Alikuwa amejiona mara mia akitoka kwenye ukumbi ule bila kugeuka nyuma. Herménégilde alikuwa ameamuru ile hati ifungwe, orodha imerudi ukutani, na Saliha aliitupia jicho la mwisho, jicho la mtu ambaye miaka miwili kazi yake ni kuona majina.

Mstari wa tatu kutoka chini uliandikwa: ilias_massoudi_kigoma.doc. Pembeni yake tarehe, 11 Februari 2003.

Alihesabu kwa vidole kama mtoto. Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni.

"Hiyo," alisema. Akanyoosha kidole. "Monsieur, hiyo."

Nayo ikafunguliwa. Ilikuwa barua fupi, karani wa kambi aliichapa kama ilivyosemwa. Hakuna aliyeisoma kwa sauti. Ukumbi mzima uliisoma ukutani.

"Mama, ni mi Ilias. Niko muzima. Ile siku Ruziba batu balikimbilia mu boti, na mi nikapanda. Nimekaa Zambia myaka saba, balinambia Buyenzi akukubaki mutu. Sasa niko Kigoma mu kambi, nimekutana na mutu ya kwetu, anasema uko muzima, unanipakulia sahani kila Ijumaa. Mama, usipakue tena, unachoka bure. Nitakuja kupakua mwenyewe. Unitumie jibu, ata neno moja."

Saliha alitembea mpaka mbele. Watu walimpisha. Kila asubuhi aliuliza mashine, na mashine ilimjibu kweli, maana barua haikuwahi kuingizwa. Alikuwa ametega kila namna ya kuandika jina la Ilias, na hakufikiria kumtega mtu wa chumba cha pili.

"Juu ya nini?" aliuliza.

Rachid alitazama sakafu. "Programu ilikuwa haijaisha. Ungepata ile barua, ungeenda Kigoma ile siku ile ile. Nani angemaliza? Nilisema nitakupa, ikiisha. Kisha mama akafa, na mi nikaogopa."

"Mama aliniuliza kila siku."

"Nilijua."

Akina mama wa Buyenzi walikuwa wamesimama. Fundi mmoja alikuwa ameanza kukunja mikono ya shati. Saliha alinyoosha kiganja kuwazuia, na si kwa huruma. Alikuwa amemwandalia Rachid fimbo moja, kumbe alistahili msitu, na hakutaka mtu mwingine amchagulie mti.

Ujumbe ulikwenda Kigoma siku hiyo hiyo. Saliha alikataza msiba usitajwe, kwa sababu kwao kifo hakitumwi kwa mashine. Mtu huketishwa, hushikwa mkono, ndipo huambiwa. Ilias aliandikiwa tu kwamba barua imefika, na dada yake anakuja. Rachid alifukuzwa kazi Jumatatu. Jina la Saliha likarudishwa kichwani mwa faili zote arobaini na moja, na shirika la nje likamwomba radhi kwa maandishi. Aliyasoma yote hayo akayaweka kando. Hayakumpunguzia kitu.

Jumanne jibu likaja. Karani wa kambi aliandika: Ilias Massoudi amesomewa ujumbe. Amelia sana. Anauliza, mama alisema nini mulipomusomea?

Saliha alilisoma jibu lile mara mbili, akachapisha barua ya Februari kwenye karatasi, akaikunja, akavaa viatu. Alitembea kutoka kituo cha basi mpaka barabara ya kumi na nne, nyumbani kwa Rachid, bila kumsalimia mtu. Rachid alikuwa hajatoka nyumbani tangu Jumamosi. Alifungua mlango mwenyewe, amevaa kikoi, ndevu zimemwota.

"Vaa kanzu," alisema Saliha. "Tunaenda kwa mama."

Hakuuliza kwa mama nani. Alivaa, akamfuata, hatua tatu nyuma, barabara nzima ikitazama.

Kwao wanawake hawaingii makaburini, na Saliha hakuwa na nia ya kuvunja desturi kwa ajili ya mtu kama yule. Alisimama nje ya ua wa michongoma. Rachid akaingia, akapita makaburi ya zamani, akafika kwenye lile ambalo udongo wake ulikuwa haujalala vizuri. Karatasi aliyopewa na Saliha ilikuwa mkononi mwake.

"Ilias anauliza mama alisema nini tulipomusomea," alisema Saliha. "Sasa soma. Soma kwa nguvu, na mi nisikie, nipate ya kumujibu."

"Saliha, kwa ajili ya Mungu."

"Soma kile kimeandikwa."

Rachid akatoa salamu kwa wafu. Akafungua karatasi. Alianza kwa sauti ndogo, akakumbuka, akaipandisha. Mama, ni mi Ilias. Niko muzima. Sauti yake ilivuka makaburi, ikavuka michongoma, mpaka wapita njia wakasimama. Alisoma Ruziba, akasoma boti, akasoma miaka saba ya Zambia. Alipofika kwenye sahani ya Ijumaa alisita, akaendelea. Unitumie jibu, ata neno moja.

Akamaliza. Saliha alisikiliza. Alisikiliza kweli, kichwa kimeinama upande, mkono kwenye michongoma, machozi yanamtoka na hayafuti. Upepo wa ziwa ulipita juu ya udongo. Rachid alisimama na karatasi yake akingoja aambiwe kwamba yamekwisha.

"Mama hajajibu," alisema Saliha. "Rudia."